Anga la Juu si Anasa: Mgeni Hupima Siku Moja, Mwenyeji Hupima Kila Siku

Wapo watumishi wa umma, na baadhi yao ni wasomi wenye shahada, ambao wakisikia kwamba mtu anachunguza mwendo wa hewa katika kimo cha kilomita 80 juu ya ardhi hucheka. Ati huo ni mchezo wa matajiri. Ati nchi yenye shule zisizo na madawati na zahanati zisizo na dawa haina haki ya kuuliza upepo wa huko juu unavuma kutoka wapi. Maneno hayo husemwa kwa sauti ya huruma, kana kwamba msemaji anamtetea mkulima na mfanyakazi. Kwa kweli hayamtetei mtu yeyote. Hiyo ni kasumba ile ile ya kikoloni iliyovikwa kanzu ya uchumi: imani kwamba kazi ya Mwafrika ni kulima na kubeba, na kazi ya kujua ni ya wengine.

Kasumba hiyo haina budi kupigwa vita, hasa miongoni mwa walimu na watumishi wa serikali, kwa sababu wao ndio wanaoamua mtoto afundishwe nini na fedha ya umma itumike wapi. Lakini kabla ya kuipiga vita yafaa ieleweke kwanza ni kitu gani kinachobishaniwa.

TABAKA LA UJINGA

Anga limegawanyika katika matabaka. Tabaka la chini, ambamo mvua huumbika, hufikia kimo cha kilomita 16 hadi 18 katika nchi za Ikweta. Juu yake ipo stratosfia, yenye hewa ya ozoni, mpaka karibu kilomita 50. Kutoka hapo hadi kilomita 85 au 90 ndipo ilipo mesosfia, na juu ya mesosfia ndipo linapoanza tabaka la joto kali ambamo setilaiti huzunguka.

Mesosfia ni mahali pagumu kufikika. Puto la kupimia hali ya hewa aghalabu hupasuka kabla ya kufika kilomita 40. Setilaiti nayo haiwezi kukaa humo, maana katika kimo cha kilomita 80 kanieneo ya hewa, ingawa ni kama sehemu moja tu ya 100,000 ya ile ya usawa wa bahari, ingali inatosha kukwamisha chombo na kukiunguza. Roketi hupita humo kwa dakika chache tu. Ndiyo maana wanasayansi wa nchi tajiri wenyewe, kwa utani wenye uchungu ndani yake, wamelipa eneo hilo jina lenye maana ya tabaka la ujinga.

Na mambo ya huko ni ya ajabu. Mahali penye baridi kuliko pote katika anga la dunia pako juu ya ncha ya dunia, karibu na mwisho wa mesosfia, na baridi hiyo, ambayo huweza kushuka chini ya nyuzi 130 za Selsiasi chini ya sifuri, huja wakati wa kiangazi, jua linapowaka usiku na mchana. Mwanafunzi yeyote mwenye akili atauliza: yawezekanaje jua liwake na baridi izidi? Jibu ni kwamba tabaka hilo haliongozwi na jua peke yake. Husukumwa kutoka chini. Dhoruba za radi na pepo zinazogonga milima huanzisha mawimbi ya hewa yanayopanda juu. Kadiri hewa inavyozidi kuwa nyepesi ndivyo mawimbi hayo yanavyokua, mpaka huko juu yanavunjika kama mawimbi ya bahari yanavyovunjika kwenye mwamba wa pwani. Yanapovunjika huusukuma upepo, na upepo huo hulazimisha hewa ya ncha yenye kiangazi ipande, na hewa inayopanda hutanuka na kupoa.

Je, dhoruba kubwa za radi za dunia ziko wapi? Bonde la Mto Kongo ni miongoni mwa maeneo yanayoongoza duniani kwa radi, na Ziwa Viktoria linajulikana kwa dhoruba zake za usiku ambazo wavuvi wa Mwanza, Bukoba na Musoma hawahitaji kuhadithiwa. Kwa maneno mengine, mmoja wa mitambo mikubwa inayolisukuma anga la juu umewekwa na maumbile katikati ya Afrika. Anayesema kwamba jambo hili halimhusu Mwafrika anafanana na mtu anayedai kwamba moshi haumhusu mwenye jiko.

UPEPO WA ZIWA VIKTORIA

Historia ya elimu hii ina ukurasa mmoja ambao ungestahili kufundishwa katika kila shule ya sekondari nchini. Mwaka 1883 mlima wa volkeno wa Krakatoa, katika Indonesia ya leo, ulilipuka, na vumbi lake likaizunguka dunia kwa kufuata Ikweta kutoka mashariki kwenda magharibi. Wataalamu wa Ulaya wakahitimisha kwamba juu ya Ikweta upepo huvuma kutoka mashariki daima.

Mwaka 1908, mwaka mmoja tu baada ya vita vya Maji Maji kuzimwa kwa bunduki na njaa, Mjerumani Arthur Berson alikuja Afrika Mashariki akiwa na maputo na vyombo vya kupimia. Aliyarusha juu ya Ziwa Viktoria, akakuta jambo ambalo halikutazamiwa: huko juu sana upepo ulikuwa ukivuma kutoka magharibi. Alifunga vyombo vyake akaenda zake, na upepo ule ukapewa jina lake.

Kwa muda wa nusu karne vitabu vilikuwa na ukweli mara mbili uliopingana, na hakuna aliyeweza kuupatanisha. Ni mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya vituo vya Ikweta kurusha maputo mfululizo kwa miaka kadhaa, ndipo Richard Reed wa Marekani na R. A. Ebdon wa Uingereza walipogundua, kila mmoja kwa njia yake, kwamba upepo wa stratosfia juu ya Ikweta hugeuka: huvuma kutoka mashariki kwa mwaka na ushei, kisha kutoka magharibi, na mzunguko mzima huchukua wastani wa miezi 28. Krakatoa ilisema kweli. Berson alisema kweli. Kosa lilikuwa ni kudhani kwamba kipimo cha siku moja ni elimu.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yote. Mgeni hupima siku moja. Mwenyeji hupima kila siku. Siri iliyokuwa juu ya Ziwa Viktoria ilingoja miaka 50, si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa daftari. Na ilikosa daftari kwa sababu wenye ziwa walikuwa watawaliwa, ambao kazi yao katika msafara wa sayansi ilikuwa ni kubeba mizigo.

Mzunguko huo haukuishia kuwa jambo la kale. Mwaka 2016 ulivurugika kwa mara ya kwanza tangu kumbukumbu za mfululizo zianze mwaka 1953, na ukavurugika tena kati ya 2019 na 2020. Juu zaidi, katika mesosfia ya Ikweta, pepo hugeuka kila nusu mwaka, na hilo lilidhihirika kwa roketi zilizorushwa kutoka kisiwa cha Ascension, koloni la Uingereza katika bahari ya Atlantiki. Wakati wote huo Afrika ya Ikweta, yenye eneo kubwa kupita visiwa hivyo vyote, ilibaki karibu doa jeupe katika ramani ya vipimo.

VIJIJI VIWILI VYA WAVUVI

Wapo watakaosema kwamba doa hilo lilikuwa halikwepeki, kwa kuwa Waafrika walikuwa maskini. Hoja hiyo hujibiwa na vijiji viwili vya wavuvi, vyote vya bahari moja, Bahari ya Hindi.

Kijiji cha kwanza ni Thumba, kusini mwa India, karibu kabisa na Ikweta ya sumaku. Tarehe 21 Novemba 1963 ilirushwa hapo roketi ya kwanza. Roketi yenyewe ilikuwa ya Kimarekani, na mzigo wake wa mvuke wa sodiamu ulikuwa wa Kifaransa. Mvuke huo ulimwagwa angani ili upepo wa anga la juu uonekane kwa macho na kupigwa picha. Wahindi hawakuwa na majengo, wakaligeuza kanisa la kijiji kuwa ofisi. Hawakuwa na magari ya kutosha, wakabeba sehemu za roketi kwa baiskeli. Lakini walikuwa na jambo moja: kiongozi wao, Vikram Sarabhai, alishikilia kwamba vijana wa Kihindi wawe ndani ya kila kazi, na kwamba nchi maskini haichunguzi anga ili ishindane na matajiri kwa sifa, bali ili itumie maarifa hayo kwa shida za watu wake. Mwaka 1967 roketi ndogo iliyoundwa India ikaruka kutoka Thumba. Tarehe 23 Agosti 2023 chombo cha India kikatua karibu na ncha ya kusini ya mwezi. Safari hiyo ilianza kwa swali la upepo wa anga la juu.

Kijiji cha pili ni Ngomeni, kaskazini ya Malindi, katika pwani ya Waswahili. Hapo Waitaliano, chini ya Profesa Luigi Broglio na kwa roketi za Marekani, walisimamisha jukwaa la chuma baharini lililoitwa San Marco. Tarehe 26 Aprili 1967, miezi isiyotimia mitatu tangu Azimio la Arusha, jukwaa hilo lilirusha setilaiti yake ya kwanza, San Marco 2, iliyopima uzito wa hewa katika anga la juu la Ikweta. Mpaka mwaka 1988, iliporushwa San Marco ya 5 kwenda kuchunguza mwendo wa hewa na umeme wa anga hilo hilo, zilikuwa zimerushwa setilaiti 9. Hata moja haikuwa ya Afrika. Moja yao, ya Marekani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Jina lilikuwa la Kiswahili. Setilaiti, vipimo, na hatimaye Tuzo ya Nobel ya mwaka 2002 aliyopewa kiongozi wa uchunguzi huo, Riccardo Giacconi, vyote vilikwenda kwingine.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, akapona yeye. Na haikuwa Ngomeni peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanasayansi wa Kisovieti walipeleka Mogadishu rada ya kufuatia vimondo, ambayo hupima upepo wa kimo cha kilomita 80 hadi 100 kwa kutazama jinsi mikia ya vimondo inavyochukuliwa. Walipata vipimo vya thamani kubwa. Kisha msafara ukaisha. Mgeni awe wa kibepari au wa kijamaa, akiondoka na daftari, mwenyeji hubaki mikono mitupu.

Lawama hizi zisitupwe kwa wageni peke yao. Kanuni ya mgeni ni kutafuta alichokifuata. Wajibu wa kudai nafasi ya vijana, nakala ya vipimo na urithi wa mitambo ni wa mwenyeji. Peru ilidai: kituo kikubwa cha rada cha Jicamarca, kilichojengwa na Wamarekani karibu na Lima mwanzoni mwa miaka ya 1960, kilikabidhiwa kwa taasisi ya jiofizikia ya Peru mwaka 1969. Kenya nayo baadaye ilijadiliana upya na Italia, mkataba mpya ukatiwa saini mwaka 2016, na mwaka 2017 ikaunda wakala wake wa anga. Kuamka huko kunastahili pongezi. Lakini ni kuamka baada ya miaka 50.

SAUTI YA UKOMBOZI

Mtumishi mwenye mashaka atauliza: pamoja na historia yote hiyo, mwananchi wa kawaida hupata faida gani? Na aulize wazee waliokuwa wakisikiliza redio. Wakati wa mapambano ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, Radio Tanzania Dar es Salaam ilirusha sauti za wapigania uhuru kwa masafa mafupi, zikavuka mipaka ambayo makaburu na Wareno walidhani wameifunga. Sauti hizo hazikupita ardhini. Zilipanda angani, zikagonga tabaka lenye chembe za umeme, zikarudi chini mamia na maelfu ya kilomita mbali. Na sababu ya stesheni za mbali kusikika vizuri usiku kuliko mchana iko ndani ya mesosfia yenyewe: mchana jua huumba humo, kati ya kilomita 60 na 90, tabaka linalomeza mawimbi ya redio, na usiku tabaka hilo hufifia. Anga la juu lilikuwa barabara ya ukombozi. Barabara iliyobeba mzigo mkubwa namna hiyo haiwezi kuitwa anasa.

Leo barabara hiyo hubeba mambo mengine. Mpima ardhi anayetafuta mpaka wa kijiji kwa setilaiti, rubani anayekaribia uwanja wa ndege, nahodha aliye baharini, wote hutegemea mawimbi yanayopita katika tabaka hilo. Katika nchi za Ikweta, baada ya jua kutua, hutokea ndani yake mapovu yanayoyatikisa mawimbi na kupotosha vipimo. Tanzania iko karibu na mgongo wa kusini wa mkusanyiko mkubwa wa chembe hizo. Kipimo kilichotungwa Ulaya hakiwezi kumlinda mpima ardhi wa Dodoma dhidi ya kasoro ya anga la Dodoma. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Hata matajiri huadhibiwa wanapolidharau anga hilo. Tarehe 3 Februari 2022 kampuni ya Marekani ya SpaceX ilirusha setilaiti 49. Dhoruba ya sumaku ya jua ikalipasha joto anga la juu, likavimba, na setilaiti zipatazo 40 zikapotea.

MOSHI WA WENYE VIWANDA

Lipo pia jambo la haki. Hewa ya ukaa inayopasha joto ardhi huku chini hufanya kinyume huko juu: huitoa joto mesosfia na kulipeleka katika anga za mbali. Mwaka 1989 wataalamu Roble na Dickinson wa Marekani walikadiria kwamba hewa ya ukaa na methani zikiongezeka maradufu, mesosfia ingepoa kwa kiasi cha nyuzi 10. Setilaiti ya TIMED, iliyorushwa Desemba 2001, imethibitisha kwamba tabaka hilo linapoa na kunywea. Anga likinywea, takataka za vyombo vilivyokufa hukaa muda mrefu zaidi huko juu, na hatari ya kugongana huongezeka. Na vyombo vinavyoanguka huungua humo humo katika mesosfia na kuacha chembe za madini zao. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2023 ulizikuta chembe hizo katika stratosfia.

Afrika, ambayo moshi wake haufiki hata asilimia 5 ya moshi wa dunia, haikuanzisha mabadiliko hayo. Lakini itakwenda kwenye mabaraza ya dunia kudai nini bila vipimo vyake? Tarehe 3 Desemba 1976 nchi 8 za Ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda, Kongo na Zaire ya wakati ule, zilitoa tamko huko Bogota zikidai haki juu ya njia ya setilaiti iliyo juu ya Ikweta. Lilikuwa dai la ujasiri. Mataifa makubwa yakalipuuza, kwa kuwa wengi wa waliodai hawakuwa na setilaiti, vituo wala wataalamu wa kutosha. Haki isiyoshikwa na elimu hubaki hotuba.

DAFTARI

Hakuna anayedai kwamba dawa za zahanati ziuzwe ili zinunuliwe roketi. Kinachodaiwa ni cha gharama ndogo na cha nidhamu kubwa. Puto la hali ya hewa lirushwe kila siku iliyopangwa, na kipimo chake kihifadhiwe. Nairobi imepima ozoni kwa maputo tangu miaka ya 1990, na uvumilivu huo umeifanya iwe miongoni mwa vituo vichache vya Ikweta vinavyotegemewa duniani. Kila chombo cha mgeni kinachofungwa katika ardhi ya nchi, kama vipima-sumaku ambavyo Chuo Kikuu cha Kyushu cha Japan kilivisambaza barani hadi Dar es Salaam, kije na masharti: nakala ya vipimo ibaki, na vijana wafundishwe kukiendesha, kukitengeneza na kuandika matokeo yake. Wahadhiri wa vyuo vikuu nchini wanaochunguza tabaka la chembe za umeme wapewe heshima na nyenzo, badala ya kuulizwa kwa kejeli wamekula nini huko mawinguni.

Na mwalimu asingoje waraka. Redio kuukuu ya masafa mafupi, daftari na saa vyatosha kumwonyesha mwanafunzi jinsi tabaka la mchana linavyofifia magharibi na stesheni za mbali zinavyoibuka moja baada ya nyingine. Mwanafunzi anayeandika dakika hizo kila jioni kwa mwaka mzima atakuwa amefanya kile ambacho Berson, pamoja na maputo yake yote, hakupata nafasi ya kukifanya juu ya Ziwa Viktoria.

Uhuru wa bendera ulipatikana 1961. Uhuru wa kujua hauna sikukuu. Hupatikana kwa kuandika kila siku bila kuchoka. Wanaocheka wakumbuke kwamba upepo wa ziwa lao ulipewa jina la mgeni kwa sababu yeye ndiye aliyeuandika. Mali bila daftari huisha bila habari, na anga ni mali.